Siku Niliyomwosha Malkia

Kabla sijasema nilichokifanya, niwaeleze kwanza jinsi kioo kinavyooshwa, maana watu wengi wanadhani wanajua.

Kioo cha maabara si gilasi ya maji. Ni kipande kidogo, upana wake vidole viwili, unene wake milimita moja. Unakishika pembeni kwa kibano. Hukigusi kwa kidole hata ukiwa umenawa mara saba, kwa sababu kidole cha binadamu kina mafuta, na mafuta ya kidole changu ni mazito kuliko kile wanachokuja kukipaka juu yake. Kwanza unakitumbukiza kwenye dawa ya kuyeyushia, dakika kumi, feni ya kuvuta mvuke ikinguruma juu ya kichwa chako. Halafu sabuni. Halafu maji ya bomba, kisha maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi, mara tatu. Halafu asetoni, halafu spiriti. Halafu unakipuliza kwa hewa kavu kuanzia juu kwenda chini, si kuanzia chini kwenda juu, na unakiinua dirishani ukitazame kwa ubavu. Ukiona rangi za upinde wa mvua, rudi mwanzo wala usinung'unike.

Nilikuwa na miaka kumi na moja katika kazi hiyo, chumba cha kuoshea cha ghorofa ya pili, Idara ya Fizikia. Shule niliishia darasa la saba. Wenye shahada tatu walijaribu kuosha wenyewe wakaniletea vioo vina madoa kama meza ya mlevi.

Nina trei mbili. Ya bluu ni ya vioo vya kuoshwa. Nyeupe ni ya vioo vilivyokwisha kupakwa, havigusiki. Nimeandika ukutani kwa herufi kubwa, kwa mkono wangu. Na nina daftari. Kila kioo kina namba iliyokwaruzwa pembeni kwa kalamu ya almasi, na kila ninachokiosha nakiandika: siku, namba, kilitoka trei gani, kilikuwaje. Wananiuliza, "Bibi, daftari la nini?" Nawaambia ni la kukata kelele.

Sasa, katika jengo hilo hilo mjukuu wangu alikuwa anasomea udaktari. Si wa sindano. Majirani wameshamjia na vidonda vyao wakarudi navyo. Mimi namwita mke mwenzangu, kwa sababu marehemu mume wangu alimpenda kuliko alivyonipenda mimi na hakujisumbua kuficha.

Kazi ya mke mwenzangu ni plastiki, lakini si ya ndoo. Ni plastiki ambayo ukiitazama ndani ni minyororo mirefu, na chembe za umeme hazitulii kwenye pingili moja, zinazurura kutoka pingili hadi pingili kama vijana wasio na kazi. Anaiyeyusha, anadondosha tone juu ya kioo changu, kioo kinazungushwa kwa kasi kama kimepagawa, tone linatawanyika, dawa inakauka, kinabaki utando. Utando wenyewe mwembamba ajabu. Ukipanga elfu kumi juu kwa juu ndipo unapata unene wa kioo kilichoubeba. Rangi yake ni manjano ya mbali sana, kama chai iliyoonyeshwa majani halafu yakaondolewa. Bila karatasi nyeupe chini yake huoni kitu.

Nilimuuliza unafaa nini.

"Bibi, mwanga wa kawaida ukipita, utando uko kimya," akanieleza. "Ukiupitishia leza kali, unabadilika. Unaanza kuupinda mwanga wenyewe, kama lenzi. Na haufuati hesabu ya moja kwa moja. Ukiongeza mwanga, unachokipata hakilingani na ulichoongeza."

Nilimwelewa hapo hapo. Nikamwambia, "Babu yako alikuwa hivyo. Ukimwambia neno kwa upole, anajibu kwa upole. Ukipandisha sauti kidogo, anapandisha kidogo. Ukipandisha mara mbili, hapandishi mara mbili. Anapindua meza na kwenda kulala kwa dada yake."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Hiyo ndiyo sura ya pili ya tasnifu yangu," akasema. "Mimi nimetumia kurasa arobaini."

Wanavyopima ni hivi. Kioo kinapanda kijigari juu ya reli fupi, kinatembezwa polepole kupita pale ambapo leza imekusanywa ikawa kali kama ncha ya sindano. Ng'ambo kuna tundu dogo, na nyuma ya tundu kuna jicho la mashine. Kompyuta inachora mstari. Mstari unashuka bonde, unapanda kilima, unarudi sawa. Kilima kikiwa kirefu, basi utando una nguvu. Wanagawanya kilima kwa unene wa utando, wanapata namba, wanaipigia makofi.

Na utando wa mke mwenzangu uliokuwa na kilima kirefu kuliko wote, waliupa jina. Malkia. Alikuwa na kijisanduku chake chenye kitambaa ndani, jina limeandikwa juu ya kifuniko. Mimi sikuwahi kumwona uso kwa uso. Nilimsikia tu akitajwa kwenye korido kama mtu aliyeolewa Ulaya.

Aliyempa jina ni msimamizi wake, Profesa Shingo. Wafanyakazi ndio tuliomwita hivyo. Shingo yake haikuwa na tabia ya kugeuka. Ukimwita kwa nyuma, anageuka mwili mzima, polepole, kama kabati linalohamishwa. Kichwani hakuwa mjinga, ila alikuwa na ugonjwa wa kuweka vitu popote. Miwani kwenye jokofu, funguo kwenye chungu cha maua. Akimaliza kutumia kitu, kwake kimekwisha duniani.

Ijumaa moja alipata wageni. Akamtoa Malkia sandukuni, akawapitisha naye jengo zima, akiwaonyesha kwa kibano kama mtu anayeuza samaki. Mimi nilikuwa nimetoka kuchukua spiriti stoo. Wageni walipita hadi chumba changu, wakatazama feni, wakaondoka.

Jumatatu asubuhi nikaanza na trei ya bluu kama kawaida. Vioo kumi na viwili. Kimojawapo kilikuwa namba kumi na saba. Dawa, sabuni, maji, asetoni, spiriti, hewa. Nikakiinua dirishani. Safi kama dhamiri ya mtoto mchanga. Nikaandika, nikakipanga kwenye rafu ya kukaushia.

Ijumaa inayofuata mke mwenzangu alikuwa na mtihani wa kutetea tasnifu yake. Hapa ndipo pa kusikiliza. Alikuwa ameshaongezewa muda mara mbili. Barua ya mara ya pili ilisema wazi kwamba hakutakuwa na ya tatu: atetee au afungashe. Miaka minne, na mama yake amekwisha kumtangazia kila mtu kwamba mwanangu daktari. Mtahini alikuwa anatoka chuo kingine, na Profesa Shingo alikuwa ameahidi kwamba Malkia atapimwa mbele ya macho yake.

Kwa hiyo Jumanne mke mwenzangu akaenda kumtafuta Malkia afanye mazoezi. Sanduku tupu. Akamtafuta chini ya meza, juu ya kabati, kwenye jokofu. Mwishowe akaona kioo namba kumi na saba kwenye rafu yangu ya kukaushia. Akasema moyoni, huyu ni Profesa tu, hana adabu ya kurudisha vitu. Akakichukua, akakipandisha kwenye kijigari, akakipima.

Jumatano saa nne nilikuwa nampelekea vioo safi chumba cha leza. Nikakuta sherehe. Profesa Shingo amesimama mbele ya kompyuta, mikono kiunoni, ananing'inia nusu angani kwa furaha.

"Mama, njoo uone!" akaniita. "Miezi minne tangu tumpime mara ya kwanza, na Malkia hajachoka. Amepanda! Kilima kimeongezeka kwa robo. Kwa robo! Utando huu unakomaa, Mama. Vingine vinachakaa, huu unakomaa!"

"Hongera, Profesa," nikasema. "Na yuko wapi huyo Malkia mwenyewe, na mimi nimwone?"

Mke mwenzangu akamchomoa kwenye kijigari kwa kibano, akaniinulia mbele ya taa. Pale pembeni, wazi kabisa, ilikuwa imekwaruzwa namba. Kumi na saba.

Mikono yangu inajua kioo kuliko macho yangu, na macho yangu yanakijua vizuri. Kile kilikuwa kipara. Hakikuwa na utando hata wa dawa. Nilikuwa nimeuyeyusha Jumatatu na kuumwaga kwenye pipa la taka za dawa, pamoja na uchafu wa wale wengine kumi na mmoja.

Nilirudi chumbani kwangu, nikafunga mlango, nikafungua daftari. "Jumatatu. 17. Trei ya bluu. Utando hafifu, umetoka mara moja. Safi." Nikasoma mara tatu nikitumaini herufi zitaona haya zibadilike.

Nitawaambia ukweli. Kwa muda wa kikombe kimoja cha chai niliwaza kunyamaza. Nani atajua? Mashine imesema Malkia mzima. Profesa amesema anakomaa. Nani mimi wa darasa la saba kuibishia leza? Mtoto atatetea, atavaa joho, mama yake atalia, tutapiga picha. Chai ikaisha. Nikaona ile picha kichwani, na mimi ndani yake nimeshika kioo kitupu.

Nikamwita.

"Mke mwenzangu, funga mlango. Kaa."

"Bibi, nina kazi, mtahini anafika kesho."

"Kaa, nimekwambia."

Akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Nikampa daftari, nikaweka kidole chini ya mstari. Akasoma. Akasoma tena.

"Bibi," akasema taratibu, "umemwosha Malkia?"

"Nimeosha kumi na saba. Huyo Malkia wenu sikuwahi kutambulishwa."

"Bibi, umenimaliza! Miaka minne, Bibi! Hukuona ni wa thamani?"

"Alikuwa trei ya bluu. Aliyeko trei ya bluu anaoshwa. Angekuwa ni Profesa mwenyewe kakaa mle ningemsugua."

Hakucheka. Aliinamisha kichwa magotini. Nikamwachia nafasi, nikaanza kupanga vibano kwa ukubwa ingawa vilikuwa vimeshapangwa. Kisha nikaona mabega yake yametulia ghafla, kama mtu aliyesikia hatua dirishani.

"Subiri kwanza," akasema. "Nimempima jana."

"Ndiyo."

"Jana ni Jumanne. Wewe umeosha Jumatatu."

"Ndiyo, mume mwenzangu… mke mwenzangu, hata ulimi umenichanganyikia. Ndiyo."

"Sasa jana nilipima nini?"

Akafungua kijisanduku cha Malkia alichokuja nacho. Wote wawili tulikitazama kile kioo ndani yake, kitupu, kizuri, kinatutazama.

"Hamkuwahi kupima kioo peke yake?" nikamuuliza. Kwangu lilikuwa swali la kawaida. Ukipima unga ndani ya bakuli, bakuli unalipima kwanza.

"Tulipima," akasema. "Mwaka wa kwanza. Kioo kitupu, mstari ukatoka bapa kama sakafu. Profesa akasema kioo ni kioo, tusipoteze muda nacho tena. Halafu mwaka wa tatu ikaja leza mpya." Akaziba mdomo kwa kiganja. "Bibi. Leza mpya ina nguvu mara mia ya ile. Na hatukurudia."

Hapo nikaelewa mambo yalivyokuwa. Kioo nacho kina hasira zake, ila kidogo sana. Ile leza ya zamani haikufika kukikasirisha. Mpya imekifikia. Na kioo, ingawa mpole, ni kinene mara elfu kumi kuliko utando. Kwa hiyo aliyekuwa anapanda kilima miaka miwili yote alikuwa mbebaji, na sifa zikawa zinakwenda kwa aliyebebwa. Wakagawanya kazi ya mnene kwa unene wa mwembamba, namba ikatoka kubwa ya kutisha, wakaipigia makofi.

Alikimbia akarudi na kompyuta yake. Akaufungua mstari wa zamani, ule wa Malkia akiwa na utando wake, akaulaza juu ya ule wa Jumanne. Wa Jumanne ulikuwa mrefu zaidi kwa robo, kama Profesa alivyosema. Akautoa wa Jumanne katika ule wa zamani. Kikabaki kimstari kidogo, kifupi, kinatetemeka, na kimegeuka: kwanza kilima, halafu bonde.

"Unapinda kinyume," akanong'ona. "Utando unapinda mwanga kinyume na kioo. Ulikuwa unakipunguza kioo, Bibi. Ulipouosha, kioo kikapumua."

"Kwa hiyo upo au haupo?"

"Upo. Ni robo ya tulichotangaza, na umeelekea upande mwingine kabisa. Lakini upo."

Alhamisi asubuhi akaenda kwa Profesa Shingo. Nilikuwa korido na ufagio, na mlango wake haukuwahi kufungika vizuri, si kosa langu.

"Profesa, kuna jambo kuhusu kioo namba kumi na saba. Kule kuoshea—"

"Maneno ya chumba cha kuoshea usiniletee leo."

"Profesa, ni muhimu, bibi ameandika kwamba—"

"Bibi yako namheshimu. Anaosha vizuri. Mtahini anashuka saa nane, sijapata hata tai. Kama kuna kioo kimevunjika, tumia kingine. Malkia mzima?"

"Ndiyo hilo ninalotaka—"

"Mzima au si mzima?"

"Kioo ni kizima, Profesa."

"Basi!"

Akatoka macho mekundu. Tukaingia chumbani kwangu. Nikamuuliza atafanyaje.

"Nikisema, wanaweza kuniangusha, Bibi. Hakuna mara ya tatu. Nisiposema, napita."

"Utapita," nikasema. "Mama yako atafurahi."

"Usinitanie."

"Sikutanii. Nakuuliza unataka nikuoshee kioo kipya, au la?"

Akakaa kwenye ndoo yake. Feni ikanguruma. Nilifuta meza ambayo haikuwa na kitu.

"Nioshee," akasema. "Kipya, cha kwenye boksi, ambacho hakijawahi kupakwa. Kesho asubuhi."

Nilikiosha mara mbili.

Mtihani ulianza saa tatu. Wasikilizaji wanaruhusiwa, nami nikakaa nyuma na koti langu la kazi. Mtahini alikuwa mama mfupi wa makamo, viatu vya raba, mkoba wa nguo, kalamu tatu kwenye nywele. Akazungumza mke mwenzangu nusu saa hivi, mambo ya minyororo na pingili, kisha Profesa Shingo akasimama na tai yake mpya akasema sasa twende tukamwone mwenyewe.

Tukahamia chumba cha leza. Tukapewa miwani ya kijani ya kinga, wakubwa wote wakafanana na vyura kwenye kikao.

Mke mwenzangu akafungua kiboksi nilichompa. Kibano hakikugusa katikati ya kioo. Nilimfundisha mimi. Akakipandisha, akawasha. Kijigari kikaenda. Ikasikika mota tu ya kile kijigari ikilalama. Mstari ukashuka bonde, ukapanda kilima, ukatulia.

Profesa Shingo hakungoja. "Mnaona!" akapiga kelele. "Ndiye huyo! Huo ndio mstari wa Malkia, ningeutambua hata usingizini. Kioo cha kawaida hakiwezi hivyo hata ukikipigia magoti!"

"Profesa," mke mwenzangu akasema, sauti ndogo, "samahani. Hiki ni kioo cha kawaida. Hakina utando. Bibi yangu amekiosha asubuhi hii."

Nimeishi sana, nimehudhuria misiba na ugomvi wa urithi. Lakini vyura wote kumgeukia Profesa kwa pamoja, hilo sijawahi kuliona.

Mtahini akasogea, akavua miwani, akavaa yake, akatazama kompyuta, akatazama kioo. "Kwa hiyo miaka minne ulikuwa unapima kioo?"

"Miwili, mama. Miwili ya mwanzo leza ilikuwa dhaifu, kioo hakikuonekana. Ilipokuja mpya hatukukipima upya. Nilipaswa kukipima. Nimejua Jumatano."

"Na Jumatano kulitokea nini?"

Akawaonyesha mistari miwili, wenye utando na usio na utando, na kile kimstari kilichogeuka. "Kioo ni kile kile," akasema. "Namba kumi na saba. Kabla ya kuoshwa, na baada ya kuoshwa. Tofauti yao ndiyo utando."

"Nani alikiosha?"

Nikasimama. "Mimi."

"Uliambiwa ukioshe?"

"Hapana, mama. Kilikuwa trei ya bluu." Nikatoa daftari mfukoni, nikampelekea. Alilisoma kwa makini kuliko alivyoisoma ile tasnifu, au niseme kwa raha zaidi. Akafunua kurasa za nyuma, akafunua za mbele.

"Na nani alikiweka trei ya bluu?" akauliza.

Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja niliiona shingo ya Profesa ikigeuka. Yenyewe, bila mabega. Ilielekea dirishani na ikabaki huko.

Walimtoa nje mke mwenzangu wakajadiliana dakika hamsini. Nilihesabu kwenye saa ya korido. Alikuwa ameegemea kifua changu, mrefu kunizidi, kainama kama twiga anayekunywa maji.

"Wakiniangusha?"

"Utakuja kuosha vioo. Kuna ndoo mbili."

Wakatuita. Mtahini ndiye aliyesema. Hawezi kumpitisha, akasema, kwa sababu sura tatu kati ya sita zinahusu kioo cha dirisha. Na hatamwangusha, kwa sababu hajawahi kumwona mtahiniwa akijipiga mwenyewe kwa usahihi kiasi kile. Jambo la kuongezewa muda atalishughulikia yeye mwenyewe kwa maandishi. Miezi sita. "Lakini kioo kimoja si ushahidi, binti. Kimoja ni bahati. Una vingine vingapi vyenye utando?"

"Kumi na sita, mama."

"Basi unajua la kufanya."

Alijua. Nami nilijua. Jumatatu akaja na trei nyeupe mikononi, kumi na sita, kazi yote ya miaka minne, kila mmoja na unene wake na rangi yake ya chai ya mbali. Alikuwa amekwisha kuwapima wote upya wakiwa na nguo zao. Akaiweka trei mezani, akabaki ameishika.

"Bibi, ukiwaosha ndiyo basi tena."

"Ndiyo basi."

"Waoshe."

"Wahamishe mwenyewe kwenda ya bluu," nikamwambia. "Mimi siwezi kutoa kitu trei nyeupe. Ni sheria."

Akawahamisha, mmoja mmoja, kwa kibano, na kila mmoja akamtaja namba. Niliandika. Wa kwanza alipoingia kwenye dawa, wingu dogo la manjano lilipanda, likajinyonganyonga, likapotea. Akaguna. Kwa wa pili akaguna kidogo. Kufika wa tano alikuwa amevaa glavu ananisaidia kupuliza, anapuliza kutoka chini kwenda juu, nikampiga kibao cha mkono.

Ilichukua wiki saba, kuosha na kupima, maana nilikataa kukimbizwa. Kumi na watano, walipovuliwa, kilima kikapanda. Mwenye utando mnene kilipanda zaidi, mwenye mwembamba kidogo. Namba tisa alikataa kufanya lolote, na katika tasnifu imeandikwa hivyo hivyo kwamba alikataa. Mwezi wa tano kati ya ile sita alitetea tena, dakika arobaini, yule mama wa kalamu tatu akauliza maswali mawili tu, kisha akasema "daktari" akimtazama yeye. Mama yake alilia kama tulivyotarajia. Ukurasa wa mia moja na hamsini na mbili wa tasnifu hiyo ni ukurasa wa daftari langu, umepigwa picha na doa la chai lipo. Namba yake ya utando ni ndogo. Haijapigiwa makofi na mtu.

Profesa Shingo siku hizi anawafundisha wanafunzi wapya kwamba kosa kubwa la vijana ni kutopima kioo kitupu. Anasema kwa uchungu, utadhani alizaliwa analisema. Nami namsikiliza nikiwa na ufagio wangu, natikisa kichwa kwa masikitiko pamoja naye.

Lakini juzi alisimama mlangoni kwangu na kioo kwenye kibano. Hakuingia. Alitazama trei ya kwanza, akatazama ya pili, akatazama maandishi yangu ukutani ambayo yako pale tangu mwaka alipoajiriwa.

"Mama," akasema, "hiki kina utando. Trei yake ni ipi?"

"Nyeupe, Profesa."

Akakiweka kwenye nyeupe, taratibu, akarudi nyuma hatua mbili, halafu akaja tena kuhakikisha.